Hirizi za Chuma za Waingereza wa Kale



Msafiri apitaye katika vijiji vya Uingereza huona juu ya baadhi ya milango kiatu cha farasi kilichopigiliwa misumari. Leo watu wengi hukitundika kuwa pambo tu, au kwa kujitakia bahati njema. Lakini hapo kale kilikuwa hirizi hasa, nacho kilikuwa cha chuma cha kufua, yaani chuma kilichopashwa moto na mhunzi na kupigwa nyundo juu ya fuawe.

Wazee wa Kiingereza waliamini kwamba wachawi na vibwengo huogopa chuma. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mchanga aliweka mkasi, au fimbo ya chuma ya kuchochea moto, juu ya kitanda cha mwanawe, ili vibwengo wasimwibe na kumwacha mtoto wao dhaifu mahali pake. Wala imani hii haikuwa ya washamba peke yao. Mwandishi John Aubrey, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1696, alieleza kwamba nyumba nyingi za upande wa magharibi wa London zilikuwa na kiatu cha farasi kizingitini.

Hadithi moja yamtaja Dunstan, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 988, ambaye husemwa alijua kazi ya uhunzi. Yasimuliwa kwamba Shetani alimwendea ili apigiliwe kiatu kwatoni. Dunstan akamfunga imara, akampigilia misumari mpaka akalia kwa uchungu, wala hakumfungua hata alipoapa kutoingia kamwe katika nyumba yenye kiatu cha farasi mlangoni.

Hirizi nyingine zilifichwa chini ya ardhi. Mwaka 2004 huko Greenwich ulifukuliwa mtungi uliozikwa katika karne ya 17. Ndani yake mlikuwa na mkojo, misumari ya chuma, nywele na kucha za mtu. Mitungi ya namna hiyo ilizikwa ili kumrudishia mchawi madhara yake.

Kwa nini watu walifanya hivyo? Watoto wachanga walikufa kwa wingi, ng'ombe walikauka maziwa, wala hapakuwa na mtu aliyejua sababu. Mwenye hofu hawezi kukaa kitako. Hutafuta la kutenda. Aliyepigilia chuma mlangoni pake alipata utulivu wa moyo, wala hakumdhuru mtu. Lakini wengine walimnyoshea jirani kidole. Mwaka 1682 wanawake watatu maskini wa mji wa Bideford, Temperance Lloyd, Mary Trembles na Susanna Edwards, walishtakiwa kwa uchawi, wakanyongwa huko Exeter. Ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1735 ndipo mashtaka ya uchawi yalipokomeshwa. Tangu hapo aliyejidai kuwa na nguvu za uchawi aliadhibiwa kuwa mdanganyifu tu.

Basi akionaye kiatu cha farasi mlangoni asiwacheke wazee wale. Na akumbuke hofu ya wazazi waliokesha kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na wale wanawake watatu waliolipishwa kwa maisha yao hofu ya majirani.