Breki Kwanza, Injini Baadaye

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Busisi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, nayo ni kutengeneza magari ya mashindano. Nawashukuru kwa kunikaribisha. Nilipoondoka hapa mwaka 1979 nilikuwa wa mwisho katika hesabu, na walioketi safu ya mbele wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo vijana msiogope, hesabu zangu leo ni mbili tu.

Jana jioni kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinifuata nilipoegesha gari. Baada ya kuniamkia aliniuliza: "Mzee, gari la kaka yangu linaweza kuongezwa mbio, livuke daraja kwa dakika moja na nusu?" Nilimwambia nitamjibu leo mbele ya watu wote.

Jibu ni kwamba linaweza. Injini huvuta hewa na petroli, ikavichoma, ikatoa moshi. Ukitaka nguvu zaidi, ipe hewa na petroli zaidi, na moshi uutoe upesi. Unapanua njia za hewa katika silinda hedi, unabadili kamshafti ili valvu zikae wazi kwa muda mrefu zaidi, unafunga kabureta mbili pahali pa moja, na ekzosi pana. Fundi mzuri haoni taabu. Lakini hapo tumeanza kazi kwa kuishika mkiani.

Wenzangu wa rika langu wanakumbuka mashindano ya Safari, enzi yalipokuwa ya Afrika Mashariki nzima, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404, gari la kubebea watoto na mizigo. Mwaka 1971 na 1973 ikashinda Datsun 240Z, gari hasa la michezo, lenye silinda sita na injini ya lita 2.4. Hata hivyo, mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Vijana, likumbukeni hilo.

Mimi sikulikumbuka. Mwaka 1986 nilikuwa na gari dogo kuukuu, nikaliongeza nguvu karibu nusu ya zile lilizozaliwa nazo. Breki niliziacha kama zilivyokuwa, za dramu magurudumu yote manne. Siku moja tulitoka Sengerema na mwenzangu wa darasa moja, tukiwahi kivuko cha mwisho hapa Busisi. Barabara ilikuwa ya changarawe. Nilikuwa nafunga breki kila kona, na kila kona kanyagio lilizama zaidi. Dramu ikishika moto hutanuka, ikaziacha viatu vya breki nyuma. Na mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka yakafanya mapovu. Tulipoteremkia ziwani kanyagio lilifika chini kabisa, na gari halikusimama. Mbele yetu palikuwa na watu wamepanga foleni na mizigo yao. Nikakata usukani, tukaingia mtini.

Mimi nilitoka na michubuko. Mwenzangu aliumia mguu. Kivuko tulichokikimbilia kilikuwa kimeshang'oa, tukakaa ufukweni naye amelala juu ya ubao mpaka kilipoitwa kirudi. Bugando alikaa miezi minne. Yupo hapa leo, safu ya pili, na fimbo yake imeegemea kiti. Kwa miaka mingi nilisema breki zilikatika. Hazikukatika. Niliziomba kazi zisiyoiweza. Yeye ndiye aliyeniruhusu niseme haya leo.

Baadaye nilikwenda Nairobi kujifunza kwa mzee mmoja aliyetengeneza magari ya mashindano. Mwaka mzima hakuniruhusu kugusa injini. Utaratibu wake ulikuwa huu: breki, tairi, shokomzoba na springi, mikanda ya mabegani, kizimba cha mabomba ndani ya bodi, injini mwisho. Kila nati aliyoikaza aliipiga mstari wa rangi, ili ikilegea jicho lione. Kwenye kiwanja alinifundisha kufunga breki gari lingali limenyooka, kushusha gia, kisha kukata kona, na kutokanyaga mafuta mpaka nione mwisho wa kona. Na kiwanja chenyewe kimefungwa: wote wanakwenda upande mmoja, hakuna ng'ombe wala mama mwenye beseni la dagaa, na gari la wagonjwa linasubiri.

Sasa hesabu zangu. Ya kwanza: ukiongeza mwendo mara mbili, breki zinapata kazi mara nne. Ya pili: daraja letu, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa utalivuka kwa dakika tatu. Kwa 120, dakika moja na nusu. Faida yako ni dakika moja na nusu, mahali ambapo sisi tulizoea kungoja kivuko kwa saa nzima na zaidi.

Kijana wangu, jibu lako ndilo hilo. Kwa ajili ya daraja, gari la kaka yako sitaliongeza mbio. Lakini ukitaka kujifunza kazi, njoo gereji wakati wa likizo. Siku ya kwanza tutafungua magurudumu yote manne tutazame breki. Na mwenzangu wa safu ya pili ameahidi kuja kukusimamia.