Chombo Kisichojulikana Kilipo Hakiokoi Mtu



Mapigo ya moyo yakivurugika hata ukashindwa kusukuma damu, na hakuna anayemkandamiza mgonjwa kifua, kila dakika ipitayo bila moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mashine ya kuushtua yaweza kuwa jengo la jirani. Asipokuwepo ajuaye, haina tofauti na iliyofungiwa ghalani.

Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kiliwaomba watu wazisake mashine hizo mjini Philadelphia, wazipige picha na kuarifu zilipo kwa programu ya simu ya mkononi. Kwa wiki chache zilipatikana mashine zaidi ya 1,400 katika majengo zaidi ya 500.

Fundisho ni nini? Kazi inayoishinda ofisi moja, umma huimudu. Lakini mashine huhamishwa, betri huisha, milango hufungwa usiku. Orodha isiyohakikiwa ni ukweli wa leo na uongo wa kesho. Hapo ndipo unapoanza wajibu wa mtumishi na mwalimu: kujua kilichomo katika jengo lake, na kuwajulisha wenzake.