PAPA NA MAJI BARIDI
(Maneno ya Kamati ya Uvuvi kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wasiofika.)



Liko neno linazunguka hapa kijijini: eti papa akionja maji baridi anakufa, kwa hiyo watoto waoge mtoni, wamwangalie mamba tu. Tumeona tulijibu mbele ya wote, maana linahusu watoto wetu.

Papa walio wengi, ni kweli, hawawezi. Mwili wa papa una chumvi na urea nyingi. Ndiyo urea ile ile ya mbolea, na ndiyo inayomfanya papa aliyelala atoe ile harufu kali mnayoijua. Akiingia mtoni, maji yanamwingia kama maharage yaliyolowekwa, na chumvi inamtoka.

Lakini yuko mmoja mnene, pua fupi butu, macho madogo. Waingereza wamempa jina la fahali. Afrika Kusini wanamwita papa wa Zambezi, kwa sababu mto ule anaupanda. Na pwani yetu hii yumo. Huyu akifika maji baridi anapunguza urea mwilini, anakojoa sana kutoa maji yaliyozidi, na chumvi anaishika. Nyingine anaivuta majini kwa matamvua yake.

Msidhani anaishia mlangoni mwa mto. Huko Marekani, mwaka 1937, wavuvi wawili walimnasa papa wa futi 5 karibu na mji wa Alton, mto Mississippi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka baharini! Nikaragua nako wako papa ndani ya ziwa, na watu walidhani ni wa ziwa hilo tu. Mtaalamu Thomas Thorson akawatia alama, na waliotiwa alama mlangoni mwa mto San Juan wakaja kuvuliwa ziwani. Australia mafuriko ya mwaka 1996 yaliwaingiza papa katika bwawa la kiwanja cha gofu, maji yenye chumvi kidogo sana. Wengine waliishi humo miaka 17.

Mzee mmoja aliuliza habari za Ziwa Tanganyika. Huko hamna papa, mzee wetu. Mto unaotoka kule una maporomoko mengi kabla ya kufika bahari.

Mto wetu sisi hauna maporomoko wala bwawa. Tena papa jike huja kuzaa milangoni mwa mito, na watoto wake hukulia humo miaka kadhaa wakijificha papa wakubwa wa baharini. Kwa hiyo vile vipapa vinavyonaswa na nyavu zenu siyo aina ndogo, ni watoto. Mtoto huyo huchukua miaka kumi hivi au zaidi ndipo azae. Kule Nikaragua walivua kwa pupa miaka ya 1970, na leo papa ziwani ni adimu.

Kamati inaomba haya. Matumbo ya samaki yasitupwe pale kina mama wanapofulia, yafukiwe. Watoto wasioge jioni wala maji yakiwa na tope. Kipapa akiwa hai, arudishwe majini. Uzio wa miti penye kuchotea maji tutauanza Jumamosi asubuhi. Kila nyumba ilete miti mitano na panga, na Katibu ataandika majina.