Nani Alimwua Twala?



Wengi tunakijua kitabu "Mashimo ya Mfalme Sulemani", alichotafsiri F. Johnson mwaka 1929 kutokana na hadithi ya Haggard ya 1885. Humo Umbopa ndiye mrithi halali wa ufalme, lakini anayemkata kichwa Twala, aliyepora kiti, ni Mwingereza, Sir Henry. Katika sinema ya 1950, iliyopigwa sehemu kubwa Afrika Mashariki, Umbopa anaingia uwanjani mwenyewe na kumshinda Twala.

Vijana, someni kitabu, tazameni na sinema, kisha mjadiliane. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, anayetegemea upanga wa mgeni?