Mnunuzi Asiyeonekana: Kuwapima Washukiwa wa Mashambulizi dhidi ya Watu Wenye Ualbino Mkoani Rukwa

Ndugu Mwenyekiti, watendaji wa kata na vijiji, maofisa ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria,

Mada niliyopewa ni washukiwa. Ningeweza kuimaliza kwa dakika mbili, maana orodha kila mmoja wetu anayo kichwani: mganga, mchimba dhahabu, mvuvi, mwanasiasa, tajiri wa mjini. Tumeirudia misibani, kwenye magari ya Laela, vilabuni kwenye pombe ya ulezi. Leo naomba tumpandishe kila mmoja kwenye mizani, na mawe ya mizani yawe ya sheria, si chuki tuliyonayo juu yake.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea kwetu. Februari 2013, wilayani Kalambo, mama mmoja mwenye ualbino alivamiwa usiku akiwa amelala, mkono wake wa kushoto ukakatwa. Siku chache baadaye, huko Bonde la Rukwa, mvulana wa miaka 10 aliyekuwa akitoka shule alikatwa mkono na watu wawili. Machi 2015, bondeni tena, mtoto wa miaka 6 akakatwa mkono usiku, na mama yake akajeruhiwa. Kwa nchi nzima, hadi mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu watu wasiopungua 75 waliouawa tangu 2000. Lakini hawa watatu wetu walipona. Mikoa mingine ilibaki na makaburi ya kulinda. Sisi tulibaki na mashahidi, na nitalirudia jambo hilo.

Neno moja kuhusu maneno. Magazeti yetu humwita kila mtu "mtuhumiwa". Mshukiwa ni mtu ambaye mpelelezi ana sababu ya kumfuatilia. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa shtaka. Aliyetajwa kilabuni hana cheo chochote kisheria. Huyo ni jirani yetu tu.

Naanza na mganga kwa kuwa kila mtu huanza naye, na kwetu ndiye rahisi zaidi. Jina la mji wetu lenyewe tunaambiwa ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba umetoka Sumbawanga, utani wa uchawi wa radi hauchelewi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtu wa kwetu kabisa kwani wakati ule Mpanda ilikuwa bado Rukwa, alifuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi huohuo alisema wanaoua albino nao wauawe, na alipobanwa bungeni aeleze kauli hiyo, alitokwa na machozi. Watu wanakumbuka machozi. Mimi nakumbuka kwamba amri ile iliwafunika waganga wote, mchimba mizizi na mpiga ramli chonganishi, kwa blanketi moja, ilhali Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ilikwisha kumtambua yule wa kwanza. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, akapiga marufuku tena, na ndani ya miezi michache zaidi ya waganga 200 walikuwa wamekamatwa. Baadhi walikutwa na mayai ya mbuni, mikia ya nyani, ngozi ya simba. Hivyo ni vielelezo vizuri vya kesi ya nyara za serikali. Havimwunganishi mtu na panga lililomkata mtoto wa bondeni.

Hata hivyo mganga si upepo. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, aliwaendea waganga akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, wakamtajia dawa zenye viungo vya binadamu pamoja na bei zake. Ilimbidi ajifiche kwa usalama wake. Kwa hiyo wapo wanaotoa ahadi hizo, na wanazitoa kwa fedha. Ila tazameni jambo moja: yule aliyeahidi ndiye anayejua nani alikuja kuulizia. Ukiwasomba 200 kwenye karandinga, wote wanafunga mdomo, na mdomo ule ndio uliokuwa na thamani. Mganga ningemwandika kwenye daftari la mashahidi kwanza, huku nikimwachia nafasi kwenye daftari la pili, la washukiwa.

Machi 2009 serikali ilikuja na mizani ya aina yake: kura za siri. Wananchi wa Kanda ya Ziwa, kisha na kwingine, walipewa karatasi waandike majina ya wanaowashuku. Nyie watendaji mnazijua kura hizi, maana hata ng'ombe wakiibwa mikutano ya vijiji huzipiga. Ubaya wake ni kwamba zinapima kitu kingine. Karatasi haimwulizi mwandishi amejuaje. Mzee anayeishi peke yake, mwenye duka lililokua haraka, aliyegombania mpaka wa shamba: hao hupata kura nyingi bila kufanya lolote.

Kwetu Ufipa jambo hili si geni. Mwaka 1963 na 1964 kamchape, wafichua wachawi, walipita kijiji kwa kijiji juu ya uwanda huu, na Roy Willis, mtafiti Mwingereza wa mila na jamii, aliliandikia makala mwaka 1968. Watu walikusanywa, wenye "pembe" wakatajwa, dawa zao zikatolewa hadharani, kisha kila mtu akapewa kinga. Kijiji kililala kikijiona kisafi. Sisemi Jeshi la Polisi la 2009 lilikuwa kamchape. Nasema tu kwamba mkono ulioandika kwenye karatasi ile ulikuwa na mazoea ya zamani.

Halafu kuna mgeni. Uwandani huku tukiulizwa, wengi tunajibu haraka kwamba mambo haya yameletwa na wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza. Ni kweli kwamba matukio mengi ya kitaifa yalikuwa Kanda ya Ziwa, na ni kweli kwamba bondeni wafugaji ni wengi. Lakini tukio la Kalambo lilikuwa uwandani. Na mgeni ana udhaifu mmoja katika kazi hii: hajui mtoto analala chumba gani, wala mlango wa uani unafungwa kwa komeo au kwa kijiti. Lazima aambiwe na mtu.

Huyo anayemwambia ndiye mshukiwa mzito kuliko wote niliowataja, na ndiye tusiyependa kumtaja. Machi 2015 Mahakama Kuu Mwanza iliwahukumu kifo watu wanne kwa kumwua mwanamke mwenye ualbino huko Geita mwaka 2008, na mmoja wao alikuwa mume wa marehemu. Katika matukio ya kwetu pia polisi waliwashikilia ndugu wa karibu. Kushikiliwa si kutiwa hatiani, narudia, lakini mpelelezi aliyeanzia nyumbani alianzia mahali pake. Mtaani watu wenye ualbino waliwahi kuitwa "dili". Neno hilo halikuzuliwa na mgeni aliyepita njia. Lilisemwa na watu waliokuwa wakimwona mwenzao kila siku akichota maji.

Sasa mkataji mwenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kesi hufia.

Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Shahidi alimtazama mshambuliaji kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama usiku, palikuwa na mwanga wa nini, wa nguvu gani? Alimfahamu kabla? Juzi umeme ulipokatika niliwasha kibatari sebuleni kwangu, nikamwomba kijana wa nyumbani atoke, kisha aingie amevaa koti langu na kofia. Alisimama mlangoni, hatua nne. Niliona koti. Sura ilikuwa giza tupu mpaka alipoinama, na huyu ni mtu ninayekula naye. Kisha nikampa tochi anielekezee usoni, kama wafanyavyo wavamizi. Hapo sikuona hata koti. Tochi ya mvamizi humwangaza mvamiwa. Mwenye kuishika hubaki gizani. Kumbe maelezo mengi yanayoandikwa vituoni husema tu "nilimtambua kwa mwanga wa tochi", nukta, bila kusema tochi ilishikwa na nani. Wakili wa utetezi akikuta sentensi hiyo hahitaji silaha nyingine.

Tukio la yule mvulana aliyetoka shule halikuwa na giza hilo. Na kuhusu umri wa shahidi tusidanganyane: tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, ushahidi wake huwa hatarini kutupwa. Lakini kabla hajafika mahakamani, mtoto huyo amekwisha kuulizwa na mjomba, mwalimu, mchungaji, mtu wa redio, na kila mmoja amemtajia jina. Tukimfikia wa kwanza tuulize swali moja, "Uliona nini?", kisha tunyamaze.

Nabakiwa na mnunuzi.

Huyu ndiye mwenye majina mengi na sura hakuna. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Mbeya ilipotikiswa na habari za watu kuchunwa ngozi, mnunuzi alisemekana yuko ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Mashambulizi dhidi ya wenye ualbino yalipofuata, akahamia migodini, kisha kwenye nyavu za wavuvi, kisha majukwaa ya kampeni. Hili la kampeni tulipime kwa kalenda tu. Uchaguzi mkuu ulikuwa 2010 na 2015. Matukio yetu mawili kati ya matatu yalitokea Februari 2013, katikati kabisa, wakati hakuna aliyekuwa akigombea ubunge. Mwanasiasa anaweza kulieleza la tatu, mawili hayaelezi.

Mwaka 2009 ripoti ya Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu ilitaja dola 75,000 kwa viungo vya mtu mmoja vikiwa kamili, karibu shilingi milioni 100 kwa wakati ule. Shirika lile lilikusudia kuwatetea wahanga, na liliwatetea. Ila bei hiyo ilisafiri redioni mpaka kwa mtu anayeuza mahindi yake kwa debe, na huyo hakusikia habari za haki za binadamu. Alisikia namba.

Hebu tazameni kesi ya Mwanza ya 2010. Kijana wa Kenya alimleta mwenzake mwenye ualbino kwa kumdanganya kuna kazi, akitaka kumwuza akiwa hai kwa shilingi milioni 400. Wanunuzi aliowapata walikuwa polisi waliojifanya matajiri. Alikiri, akafungwa miaka 17. Kesi hiyo husimuliwa kama ushahidi kwamba soko lipo. Mimi huisoma kinyume chake: mtu alivuka mpaka na rafiki yake kwa imani ya bei aliyoisikia, na mwenye fedha pekee aliyemkuta mwisho wa safari alikuwa askari.

Sisemi mnunuzi hayupo. Mikono ya wale watatu wetu ilichukuliwa, haikuachwa sakafuni, na aliyeichukua alikuwa na pa kuipeleka, au alidhani anapo. Tofauti iko hapo kwenye "alidhani". Yawezekana yuko tajiri mmoja anayelipa. Yawezekana pia ni mnyororo wa watu ambao kila mmoja anaamini mwenzake wa mbele ndiye mwenye fedha: mkataji anamwamini dalali, dalali anamwamini mganga, mganga ana mteja aliyemwahidi kurudi. Kwa ushahidi uliofika mahakamani, uwezekano wa pili una uzito zaidi kwangu, kwa kuwa wanaopandishwa kizimbani mwaka hadi mwaka ni wakataji na madalali. Tukimwaza yule tajiri tu, tunamsubiri mtu wa gari jeusi huku dalali akipita na baiskeli.

Na dalali ana simu. Mkono ukikatwa saa 8 usiku, mtu fulani hupigiwa kabla ya alfajiri. Rekodi ya mnara na ya fedha za simu haihitaji taa wala haitishwi na mtu, na polisi wanaweza kuiomba kwa kampuni za simu. Wanachohitaji kutoka kwenu ni vitu vya saa ya kwanza: nani alilala wapi kijijini, nani alikuja juma lile na kufikia kwa nani, namba zake, nani hakuonekana asubuhi. Daftari la wageni la mwenyekiti wa kitongoji, lile lenye jalada lililochanika, lina uzito kuliko sanduku zima la kura za siri.

Nimechapisha fomu ya ukurasa mmoja. Itapitishwa baada ya chai. Ina nafasi ya mwanga, na imeuliza ulishikwa na nani. Ina nafasi ya umbali kwa hatua, ya maneno ya mtoto kama alivyoyasema, ya wageni, ya simu. Chini kabisa kuna mstari wa mnunuzi. Huo uacheni mtupu. Msimwandike mtu hapo kwa kuwa mstari unaonekana mbaya bila jina.