Watoto wa Mississippi na Kuhitimu Shule

Ndugu zetu, wazee wa mitaa na waalimu, mmetutaka tunene habari ya watoto maskini na shule. Nasi twataka kuwapeleka mbali kidogo, hata jimbo la Mississippi katika Marekani. Kwani tumezoea kudhani ya kuwa katika nchi tajiri hakuna mtoto alalaye na njaa. Sivyo. Huko mtoto kama mmoja katika kila 4 hukaa katika nyumba ya umaskini.

Shule zao nazo zilichelewa. Mwaka 1982 ndipo serikali ya jimbo, Gavana akiwa William Winter, ilipotunga sheria ya kuweka madarasa ya watoto wadogo katika shule zake. Hata mwaka 2014, katika kila vijana 4 wa sekondari, mmoja hakuhitimu kwa wakati wake.

Basi ikawaje? Mwaka 2013 walitunga sheria ya kusoma: mtoto wa darasa la 3 asiyejua kusoma sawasawa asipandishwe. Watu wengi hutaja adhabu hii tu, nasi twaona wamekosa. Kumrudisha mtoto nyuma hata mwalimu mvivu aweza. Kazi nzito ilikuwa kuwafundisha waalimu wenyewe upya jinsi sauti zinavyofungamana na herufi, na kuwapeleka waalimu stadi katika shule dhaifu, wakae darasani pamoja na wenzao. Tena kuwapima watoto tangu mwanzo, aliye nyuma ajulikane mapema. Mwaka 2013 jimbo lile lilikuwa la 49 kwa kusoma kwa watoto wa darasa la 4. Mwaka 2024 likawa la 9. Na siku hizi vijana karibu 9 katika 10 huhitimu, ingawa tusidhani yote ni kwa sheria ile.

Wala umaskini haukuondoka. Mwaka 2024, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Mississippi, karibu 10 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwezi wa Agosti 2025 idara ya afya ikatangaza kuwa ni hali ya hatari. Watoto hao hawataingia katika hesabu yo yote ya shule. Kwa hiyo twawaomba, waalimu, mkituletea hesabu ya waliomaliza, mlete pamoja nayo hesabu ya waliozaliwa mtaani miaka ile, tuone wangapi walipotea njiani, na wapi.