Ghala na Daftari: Wajibu wa Serikali na Mashirika ya Hisani Wakati wa Maafa

Mada iliyotolewa katika semina ya watendaji wa kata na vijiji, Makambako



1. Utangulizi

Katika mji huu wa Makambako, ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na reli ya TAZARA hupita ikielekea Zambia, yamesimama maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Kila msimu wa mavuno mahindi ya wakulima wetu huingia humo, yakapimwa unyevu, yakapangwa gunia juu ya gunia, kisha yakangoja siku ya dhiki ambayo hakuna aijuaye isipokuwa Mwenyezi Mungu. Mkulima wa Wanging'ombe auzaye gunia lake hapa pengine amemlisha mtu wa nyanda kavu za Dodoma ambaye hatamwona maishani, wala asijue kwamba amefanya hisani.

Nimeanza na ghala kwa sababu ndimo ilimo hoja yangu, nayo ni moja tu. Msaada wa maafa hupimwa kwa mizani mbili, yaani akiba iliyowekwa kabla ya shida na hesabu inayotolewa baada yake. Huruma, ijapokuwa ni tabia tukufu, pasipo mambo hayo mawili huwa kama mvua ya jangwani, inyeshayo kwa kishindo ikakauka kabla mbegu haijaota.

2. Maafa ya kwetu

Tunapotaja maafa, fikra zetu aghalabu hukimbilia mbali. Twakumbuka Mwakata, wilaya ya Kahama, ambako mvua ya mawe ya Machi 2015 iliua watu zaidi ya arobaini. Twakumbuka tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, na tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023. Lakini mkoa wetu nao una mashaka yake. Jalidi ya Juni na Julai huunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja. Upepo huezua mapaa ya nyumba na madarasa. Ardhi ya milima ya Makete na Ludewa huporomoka masika. Na kiangazi kinapokomaa, moto huingia katika mashamba ya miti.

Naomba tulitazame jambo hili la moto kwa makini. Mtu aliyepanda ekari mbili za misindano amengoja miaka kumi na mitano au zaidi, akiipogoa na kuipalilia, kwa kuwa miti ile ndiyo benki yake, ndiyo karo ya wanawe na posa ya kijana wake. Jirani akichoma majani ya shamba bila kungoja upepo utulie, benki ile huteketea baina ya adhuhuri na magharibi. Hakuna aliyekufa, wala hakuna mwandishi wa gazeti aliyekuja, na kwa hiyo halitafika lori la msaada. Hata hivyo nyumba ile imefilisika sawasawa na nyumba iliyochukuliwa na mafuriko. Maafa yetu mengi ni ya namna hii, madogo machoni pa taifa na makubwa machoni pa aliyepatwa.

3. Mafunzo ya Kagera na Hanang

Baada ya tetemeko la Kagera michango ilimiminika kutoka kwa wananchi, makampuni na nchi rafiki. Shule kongwe ya Ihungo, ambayo majengo yake yalibomoka, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Serikali iliamua kuelekeza nguvu zake katika mali ya umma, yaani shule, zahanati na barabara, na kuwataka wananchi wajijengee nyumba zao wenyewe. Uamuzi huo ulikuwa na hoja zake, maana shule hutumiwa na wengi na hazina ya taifa ina mwisho. Lakini wengi waliochanga, na wengi waliolala chini ya maturubai, walikuwa wamedhani kwamba fedha zile ni za kuta zao zilizopasuka. Manung'uniko yakazuka, na manung'uniko hayo yangalipungua sana laiti nia ya fedha ingalitangazwa siku ile ile mkono wa kwanza uliponyooshwa kuchanga.

Hanang yalionekana mengine. Tope, mawe na magogo yaliposhuka Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya themanini, Rais Samia Suluhu Hassan alikatiza safari yake ya Dubai akarejea. Askari wakaingia kuondoa tope. Na mwaka uliofuata nyumba zaidi ya mia moja zikajengwa kwa ajili ya waliopoteza makao, Serikali ikishirikiana na Chama cha Msalaba Mwekundu. Hapo Serikali na shirika la hisani walijenga mahali pamoja kwa orodha iliyojulikana. Sisemi kwamba kila chozi lilifutwa. Nasema kwamba aliyepatwa aliweza kuuliza, "Jina langu limo?" na pakawa na mtu wa kumjibu.

4. Sheria na mahali pake

Sheria zetu zimepiga hatua. Ile ya mwaka 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa. Ile ya 2015, na ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zikahusu menejimenti ya maafa. Badiliko la jina hilo ni badiliko la fikra, kwani sheria ya kwanza ilitazama siku ya msiba, na hizi za baadaye zikatazama pia siku zilizotangulia na siku zifuatazo. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo msimamizi, na kamati zimewekwa toka taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji.

Lakini kamati ya kijiji isiyokutana mpaka nyumba ziungue ni jina tu katika karatasi. Saa za mwanzo za maafa ni saa za majirani. Kabla lori halijatoka mjini, jirani amekwisha kutoa blanketi, amekwisha kumbeba mgonjwa, amekwisha kuwasha moto wa kuwapasha watoto joto. Serikali na mashirika ni wa pili kufika, na heshima ya wa pili ni kuuliza wa kwanza amefanya nini.

5. Daftari la kitongoji

Niruhusuni nieleze nililoliona kwa macho yangu katika kijiji kimoja cha mkoa huu, baada ya upepo kuezua nyumba kadhaa. Mzee mmoja, katibu wa kitongoji, alikuwa na daftari la shule lenye jalada lililochakaa kwa jasho la mkono. Upande wa kushoto aliandika aliyepatwa na alichopoteza: mabati kumi na mawili, madebe saba ya mahindi yaliyoloa, godoro moja. Upande wa kulia aliandika alichopewa na nani: mbao nne kutoka kwa shemeji, misumari kilo mbili kutoka kanisani, siku mbili za kazi za vijana. Kila mstari ulikuwa na sahihi au alama ya kidole gumba.

Siku ya nne likaja gari la shirika moja la hisani. Wageni wale walikuwa watu wema na walikuja na fomu zao nzuri, lakini hawakuuliza kama pana daftari. Wakaandika upya kwa kuwauliza waliokuwa karibu na barabara. Jioni yake wapo waliopata mabati mara mbili, na mjane mmoja wa ng'ambo ya kijito, ambaye jina lake lilikuwa la tatu katika daftari la mzee, hakupata hata moja. Mzee hakugombana na mtu. Alifungua daftari, akachora mstari chini ya jina la mjane yule, akaandika: bado.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la maafa lenye nakala kwa mtendaji wa kijiji, na shirika lolote lianzie hapo kabla ya kugawa chochote.

Pili, orodha ya waliopokea isomwe katika mkutano wa hadhara, kwa majina na kwa idadi, maana msaada ni amana na aliyepatwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuona hesabu.

Tatu, barabara za kuzuia moto zisafishwe kwa pamoja kabla ya kiangazi, na uchomaji wa mashamba upewe siku na saa.

Nne, kila kijiji kitenge akiba yake, hata ikiwa ni magunia machache, mabati machache na blanketi, kwa mfano wa maghala haya tuliyonayo mjini. Akiba haiozi.

7. Hitimisho

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kuuzuia upepo wala kuiamuru jalidi, lakini tuna uwezo wa kuandika jina la mtu na kulikumbuka. Naomba basi, kabla hatujatawanyika leo, kila mtendaji aliyemo humu asimame ataje daftari la maafa la kijiji chake limewekwa wapi na nani anashika ufunguo. Asiyekuwa nalo alinunue dukani jioni hii, kabla hajapanda gari la kurudi kwao.